Kumbe Amesoma!

Kuna habari inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya hapa Dar kila baada ya miezi michache, ikibadilika jina la mhusika tu. Msanii fulani, yule mnayemwona akikata viuno jukwaani, ana shahada ya uzamili. Mwingine akiwa peke yake nyumbani hupiga kinanda muziki wa Mozart. Mwingine anasoma falsafa, anazungumza lugha saba, anacheza sataranji. Picha inayoambatana na habari ni ya msanii aliyevaa miwani, na chini yake maoni yanamiminika: "Kumbe amesoma!" "Kumbe kichwani zimo!"

Nyingi ya habari hizi hazina chanzo, na ukizifuatilia zinayeyuka. Nyingine ni za kweli kabisa. Lakini ziwe za kweli au za kutunga, mshangao ni ule ule, na ndio unaonifanya niandike leo. Ndani yake kuna dharau ambayo anayeshangaa mwenyewe haioni. Anamsifu msanii kwa kumtoa kwenye kazi yake. Ni kama vile wimbo aliotutungia, tulioucheza harusini na kuulilia tulipoachwa, hautoshi kuwa ushahidi wa akili mpaka kitafutwe cheti cha kuudhamini.

Mfano unaopendwa kuliko yote ni wa Brian May, mpiga gitaa wa Queen, bendi ya roki ya Uingereza. Huu ni wa kweli. Alianza utafiti wa shahada ya uzamivu katika fizikia ya anga pale Imperial College London mwaka 1970, akauacha bendi ilipoanza kushika kasi, akaurudia baada ya zaidi ya miaka 30 na kuumaliza mwaka 2007. Alikuwa akichunguza mwendo wa vumbi lililotawanyika katika mfumo wetu wa jua. Watu huisimulia hadithi hii kana kwamba kuna Brian May wawili, mmoja wa nywele na kelele, mwingine wa darubini na vitabu, na yule wa pili ndiye anayemwokoa wa kwanza.

Mimi naona mtu mmoja. Gitaa ambalo amelipiga karibu maisha yake yote alilitengeneza nyumbani pamoja na baba yake, kuanzia mwaka 1963, na shingo yake ilichongwa kutoka kwenye mbao ya zamani ya meko ya kuotea moto. Kijana anayeweza kukaa miaka akipima nyuzi na sumaku mpaka mbao itoe sauti aliyoisikia kichwani tayari ni mwanafizikia, cheti au bila cheti. Kisha angalia "We Will Rock You" ya mwaka 1977, yale mapigo mawili ya miguu na kofi moja ambayo leo unayasikia kwenye viwanja vya mpira dunia nzima. Studio hapakuwa na umati. Kulikuwa na watu wachache waliokanyaga mbao. May ameeleza kwamba walirekodi mapigo hayo mara nyingi, kisha akazirudia sauti zile kwa ucheleweshaji wa viwango tofauti alivyovipanga kwa kufuata namba tasa, zile tulizofundishwa shuleni kwamba hugawika kwa 1 na kwa zenyewe tu. Alichagua namba tasa ili marudio yasiangukiane na kugeuka mwangwi. Matokeo yake sikio linadanganyika kwamba linasikia maelfu ya watu waliosimama mbali mbali. Fizikia yake imo ndani ya wimbo ule na imekuwa ikituingia masikioni tangu 1977, miaka 30 kabla ya yeye kumaliza shahada yake.

Mwenzake Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, naye huwa anapewa hadithi ya namna hiyo: kwamba alisomea sanaa ya michoro London, kwamba nembo ya Queen ni mchoro wake, kwamba aliimba na Montserrat Caballé, mwimbaji wa opera kutoka Hispania. Yote kweli. Ila aliyeisikiliza bendi yake kwa makini katikati ya miaka ya 1970 hakuhitaji kumsubiri Caballé mwaka 1987 ili ajue kwamba mtu huyu anaipenda opera. Ilikuwa mle mle kwenye rekodi, imepangwa sauti juu ya sauti.

Lakini wa kukaa naye kwa muda mrefu zaidi ni Nina Simone, mwimbaji na mpiga kinanda wa Marekani, kwa sababu kwake mambo hayakuwa hadithi ya kufurahisha. Alizaliwa mwaka 1933 katika mji mdogo wa Tryon, North Carolina, jina lake likiwa Eunice Waymon. Alianza kupiga kinanda kanisani akiwa mtoto mdogo mno, na watu wa mji wake, weusi kwa weupe, wakachanga fedha asomeshwe. Akili yake yote ilikuwa kwa Bach, mtunzi mkubwa wa muziki wa kale wa Ulaya. Alitaka kuwa mpiga kinanda wa kumbi kubwa, wa ule muziki ambao watu huusikiliza wakiwa wamekaa kimya wamevaa suti. Aliomba nafasi katika taasisi ya muziki ya Curtis, Philadelphia, akakataliwa, na maisha yake yote aliamini kwamba sababu ilikuwa rangi yake. Ili apate riziki akaenda kupiga kinanda baa, Atlantic City. Mwenye baa akamwambia lazima aimbe pia. Akabadili jina ili mama yake, mhubiri wa kanisa, asijue binti yake anafanya kazi wapi.

Sasa sikiliza "Love Me or Leave Me" aliyoirekodi mwishoni mwa miaka ya 1950. Ni wimbo wa mapenzi wa kawaida, wa kuchezea. Katikati anaacha kuimba, na mikono inaanza kitu kingine: mkono wa kulia unatoa sauti, wa kushoto unaifuata nyuma, zinakimbizana, zinapishana, zinakutana mahali panapotakiwa. Ni Bach yule yule waliyemnyima mlango wa kumsomea. Hakumficha. Alimleta baa, akamketisha kati ya walevi. Curtis walimpa shahada ya heshima mwaka 2003, siku chache kabla hajafa.

Nikisikia mtu anasema "kipaji kilichofichika", namkumbuka Nina, nauliza kilifichwa na nani. Kuna vipaji vinaonekana vimejificha kwa sababu tu mahali palipopaswa kuwa pake palifungwa kufuli, vikaingia kwenye muziki wa watu, huko ambako sisi hatukutarajia kuvikuta.

Hapa kwetu kufuli lilikuwa na jina: uhuni. Waliokua Dar miaka ya 1990 watakumbuka. Kijana anayechana mistari alikuwa mhuni, wazazi walichoma kaseti, walimu walinyang'anya madaftari yenye mistari. Na angalia vijana wale walijibu vipi. Walijipa vyeo vya shule. Joseph Haule akawa Profesa Jay. Hamis Mwinjuma akawa Mwanafalsafa, baadaye MwanaFA. Kabla yao, kwenye dansi, Remmy Ongala alikuwa Daktari, na Muhidin Gurumo alikuwa Maalim. Zamani nilidhani ni mbwembwe za jukwaani kama mbwembwe nyingine. Siku hizi naona ni madai ya wazi: kazi ninayoifanya hapa ni ya elimu, nanyi mnaiona.

Na waliitenda kazi hiyo. "Ndio Mzee" ya Profesa Jay, ya mwaka 2001, ni hotuba nzima ya mgombea anayeahidi mpaka visivyoahidika huku umati ukiitikia kila ahadi. Kuna wasomi wa siasa walioandika kurasa nyingi juu ya kampeni za Tanzania ambao hawakufika mbali kama wimbo ule, kwa sababu Jay hakuieleza hila ya mgombea; aliiigiza kutoka ndani, na kiitikio kikatuonyesha sisi wenyewe tukishangilia. Alipochaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi mwaka 2015, watu walisema kumbe msanii anaweza kufikiri mambo ya nchi. Sugu, mchanaji mwenzake, alikuwa ameshaingia bungeni tangu 2010, na bado mshangao ulikuwepo. MwanaFA alipochaguliwa Muheza mwaka 2020, na kuteuliwa naibu waziri mwaka 2023, ukaja tena, ule ule. Kwangu ubunge haukuthibitisha kitu ambacho nyimbo hazikuwa zimekwisha kukithibitisha. Remmy Ongala hakuwa mbunge wa popote, na bado ukipanda daladala ya Sinza konda atakuuliza kama unashuka Kwa Remmy.

Wakati huo huo, sisi Waswahili ndio watu wa mwisho tuliopaswa kuitenga nyimbo na elimu. Sheikh Kaluta Amri Abedi, Meya wa kwanza Mwafrika wa jiji hili, aliandika mwaka 1954 kitabu cha sheria za kutunga mashairi ambacho mpaka leo walimu wanakitegemea. Mle anasema wazi kwamba shairi ni wimbo, na lisiloimbika halina maana. Huyu hakuwa mtu wa baa. Alikuwa sheikh, baadaye waziri. Kwa hiyo Bob Dylan alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2016 na dunia ikagawanyika ikibishana kama nyimbo ni fasihi, mtu aliyelelewa na mashairi ya Kiswahili angeweza kuendelea na chai yake. Jambo hilo lilishaamuliwa hapa miaka 62 nyuma, na hata kabla ya hapo hakukuwa na aliyelitilia shaka.

Halafu kuna Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, binti wa wafinyanzi, akitembeza vyungu kwa miguu. Hakujua kusoma wala kuandika. Akaingia mjini, akafundishwa kuimba na kutamka Kiarabu, akawa mwimbaji wa taarabu aliyesikika pwani yote, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Wenye wivu wakamtungia kijembe ambacho wazee bado wanakikumbuka: Siti amekuwa mtu lini, alitoka shamba na kaniki yake, na kama si sauti angekula nini. Jibu lake ndilo ninalotamani kila mwandishi wa habari za burudani alijue. Alisema kwa ubeti kwamba uzuri wa sura si hoja, wala utukufu wa jadi, na kwamba hasara ya mtu ni kukosa akili.

Wao wamesema hana kitu isipokuwa koo. Yeye hakujitetea kwa koo. Alijibu kwa akili, na hiyo akili ikaonekana papo hapo kwenye ubeti wenyewe, kwa sababu nao ulikuwa umejengwa kwa mizani na vina, kama kijembe alichorushiwa. Amempiga mpinzani kwa fimbo yake mwenyewe. Na baada ya Siti kufariki mwaka 1950, aliyeketi kuandika maisha yake ni Shaaban Robert. Mwandishi mkubwa kuliko wote wa lugha yetu alimwona mwimbaji asiyejua kusoma kuwa mtu wa kuandikiwa wasifu. Hakutafuta kipaji chake cha pili. Kile cha kwanza kilimtosha.

Nina jambo jingine hapa ambalo nimelifikiria muda mrefu, nalo linahusu vina.

Shairi la kimapokeo linalojulikana zaidi lina mizani 16 kwa kila mshororo, umekatwa katikati vipande viwili vya mizani 8, ukwapi na utao, na kila kipande kina kina chake. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na ukazuka ugomvi mkubwa kati ya wanamapokeo na wanausasa. Nampenda Kezilahabi na sina kesi naye. Ila tazama kilichofuata. Ushairi wa vyuoni ulipokuwa ukiviacha vina, vijana wa Temeke, Kinondoni na Upanga, ambao hakuna aliyewaita washairi, walianza kukesha wakivitafuta. Ukipima mstari wa mchanaji mzuri juu ya biti ya mapigo manne, mara nyingi utakuta umekatika katikati, na kina kimekaa hapo kwenye mkato na kingine mwishoni. Sijui kama kuna mwalimu aliyewafundisha ukwapi na utao. Sikio la lugha liliwapeleka.

Wala si wote wanaofanya vizuri. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, kwa hiyo ni rahisi mno kudanganya: unaweka maneno matatu yanayoishia kwa "a" unadhani umepanga vina. Mshairi wa kweli hataki irabu tu, anataka silabi nzima, "na" kwa "na" na "ma" kwa "ma". Fid Q ni mmoja wa wanaonifanya nirudishe wimbo nyuma kusikiliza tena, kwa sababu kina chake hubeba maana mbili na ya pili inakufikia ukiwa umeshavuka kituo. Huo ndio usomi ninaoutafuta kwa mchanaji. Kama ana shahada ya uhasibu ni jambo jema kwake na kwa familia yake.

Kama kweli tunataka vipaji vilivyofichika kwenye muziki wetu, vipo, na havimo kwa mastaa. Vimo kwa wale waliosimama nyuma ya mwimbaji wakiwa na matarumbeta na saksafoni.

Bendi za dansi za jiji hili nyingi zilikuwa mali ya taasisi. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Polisi walikuwa na bendi, JKT walikuwa na Kimulimuli, Shirika la Bima likawa na Bima Lee, na Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ikaja kuwa chini ya shirika la maendeleo la jiji, DDC. Wanamuziki walikuwa waajiriwa wenye mishahara. Na ndani ya bendi za majeshi palikuwa na shule ambayo nchi haikuwa nayo mahali pengine pengi: mpulizaji alifundishwa kusoma nota, kwa sababu bendi ya gwaride haipigi kwa kubahatisha. Waliotoka huko wakaingia kwenye dansi na ujuzi huo. Michael Enock, waliyemwita King Enock, alikuwa mpiga solo wa Dar es Salaam Jazz kabla hajahamia kwenye saksafoni, akawa kiongozi na mpangaji wa muziki Mlimani Park. Sikiliza mstari wa matarumbeta katika wimbo wowote wa Sikinde, kama Mlimani Park walivyojulikana, wa miaka ile. Haumfuati mwimbaji. Unamjibu, unamtangulia, mara nyingine unambishia. Mtu alikaa chini akayapanga hayo.

Temeke, mtaa wa pili kutoka kwetu, yupo mzee mstaafu aliyepuliza tarumbeta kwenye bendi ya taasisi moja ya serikali. Vijana wanamjua kama fundi wa redio. Siku moja nilimpelekea redio ya mama, nikamkuta ameinamia daftari la shule la mistari ambayo ameichora upya kwa rula, mistari mitano mitano. Redio ya jirani ilikuwa ikipiga wimbo mpya wa Bongo Fleva, nao ulikuwa ukirudiwa rudiwa kama inavyokuwa kwa wimbo uliotoka juzi.

"Shikamoo mzee. Unaandika nini?"

"Marahaba mwanangu. Huu wimbo nauwekea matarumbeta. Huyu kijana ameacha nafasi nzuri hapa kwenye kiitikio, basi tu hana wa kuijaza."

Alinionyesha sehemu tatu, tarumbeta ya kwanza, ya pili, na saksafoni, akaniimbia kila moja kwa mdomo, kisha akanieleza kwa nini ya pili lazima ishuke wakati ya kwanza inapanda. Hakukuwa na mtu wa kuzipiga sehemu zile. Alizipanga kwa sababu wimbo ulizihitaji. Sikuwahi kusikia mtangazaji yeyote akisema kumbe juu ya mtu kama huyu.

Tatizo ni kwamba kanda za zamani za Radio Tanzania hututajia bendi, na mara nyingi mtunzi na mwimbaji. Aliyepanga matarumbeta hatajwi. Maalim Gurumo alifariki Aprili 2014, na katika mahojiano yake ya miaka ya mwisho niliyoyasikia, maswali yalikuwa juu ya umaskini, gari alilopewa na Diamond, na bendi alizohama. Aliimba kwa zaidi ya nusu karne. Kuna siri ngapi za utunzi alizoondoka nazo kwa sababu aliyeshika kipaza sauti hakuona cha kuuliza? Kwa nini ubeti huu unaanzia juu? Nani aliamua mwitikio uchelewe pale? Mlianza na maneno au na sauti?

Nimeanza kuyapiga picha kwa simu madaftari ya yule mzee, ukurasa kwa ukurasa, kwa ruhusa yake. Yapo mengi, na mengine yametobolewa na mchwa. Kama baba yako, au mjomba, au babu, alipuliza Polisi Jazz, Kimulimuli, Magereza, Urafiki au bendi yoyote ya jiji hili, na kuna daftari la nota mahali ndani ya nyumba, hata kama ni chini ya godoro au kwenye sanduku la vyeti vya marehemu, naomba usilitupe na usiwape watoto walichorechore. Niandikie. Nitakuja na simu yangu, na kama mwenyewe bado yupo hai nitakuja na maswali.